Uzito wa Mstaafu

Kwako Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua ni ndefu. Natumaini macho hayajazidi kufifia, na kwamba lile goti ulilolilalamikia limepata dawa, au angalau wewe umelizoea. Mimi mwili ni mzima. Nakula, natembea, sijashika fimbo. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa sitarudi tena kwenye jambo lenyewe.

Najua anayekusomea ni binti yako. Mwanangu, na wewe pokea salamu. Nakuomba usome polepole, usiruke mstari kwa kumhurumia baba yako wala kwa kunistahi mimi baba yako mdogo. Umeshakuwa mtu mzima. Soma kama ilivyoandikwa.

Kaka, fundi viatu alipotoka kukutembelea aliniletea maswali yako mawili. La kwanza, ni kweli kwamba karakana siku hizi ina siku inafungwa? La pili, mbona shemeji yako hapokei simu ya nyumbani? Maswali mawili, jibu moja, na jibu lenyewe linaanzia kwa paka.

Mstaafu unamkumbuka. Yule paka mweusi mwenye kifua cheupe, tuliyempa jina hilo kwa sababu hata alipokuwa mdogo alikuwa akimaliza chakula cha asubuhi anajilaza dirishani kama mtu anayesubiri pensheni. Alikuja mwaka ule kitindamimba wetu alipoondoka nyumbani. Alikuwa hajafumbua macho, na shemeji yako alimlea kwa maziwa, tone kwa tone, kwa kile kichupa cha dawa ya macho. Sasa ana miaka kumi na minne, na kwa paka hiyo ni umri wa kuamkiwa shikamoo.

Miezi saba iliyopita shemeji yako alikuwa amempakata sebuleni anamchana manyoya, mara akasimamisha mkono akaniita nimshike mgongo. Nilimshika. Mifupa ilikuwa inahesabika kama vifungo vya shati chini ya sweta. Nikasema ni uzee tu, hata mimi nikishikwa mgongo nitahesabika. Hakucheka. Alisema mzee anayeisha huacha chakula, na huyu anakula kuliko zamani: anamaliza sahani yake, anakuja kutukodolea macho mpaka tumalize zetu, halafu anaenda kulia mbele ya sufuria. Chakula anakila, alisema, lakini sijui kinakwenda wapi.

Kwa kuwa ameolewa na fundi mizani, Ijumaa ile ile alimtia Mstaafu kikapuni akaja naye karakana. Tulimpima kwenye mizani ya Baba, ile ya sahani mbili za shaba ambayo Baba alikuwa akiiita Hakimu, ambayo hatujawahi kuiuza na ambayo mizani nyingine zote hupelekwa mbele yake. Kilo nne na gramu mia moja. Akaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake ule wa ualimu usiopinda hata kwenye karatasi isiyo na mistari. Ijumaa mbili baadaye ilikuwa tatu na mia tisa. Mbili nyingine, tatu na mia saba.

Nikuambie ukweli, Kaka, Ijumaa zile nilizipenda. Kwa miaka thelathini na mitatu ya ndoa shemeji yako hakuwahi kuja karakana ila kuniletea chakula au habari ya msiba. Sasa anakuja saa kumi, nimeshafagia, anakaa kwenye kigoda chako, mimi naweka mawe, yeye anaandika. Aliniuliza kwa nini mawe yale ni ya shaba na si ya chuma. Nikamweleza habari za kutu, na jinsi kutu inavyoongeza uzito wa jiwe bila mtu kujua, na akasikiliza mpaka mwisho. Halafu tunafunga, tunarudi nyumbani pamoja, kikapu nimekibeba mimi. Nina miaka sitini na mmoja na nilikuwa nasubiri Ijumaa kama kijana. Paka anapungua, na mimi sikuhuzunika ipasavyo. Hilo liweke akilini.

Kisha yule mama anayeuza maua kwenye kona akamwambia kuwa barabara ya nyuma ya shule amefungua daktari wa mifugo, mgeni, na kwamba ni mtu mpole sana. Shemeji yako akaenda. Aliporudi na yeye akasema: ni mtu mpole sana. Basi kuanzia hapo, moyoni mwangu, nikamwita Bwana Mpole.

Huyu Bwana Mpole ni mjane, umri wake kama hamsini na mitano, koti lake limepigwa pasi hadi mfukoni. Alimkagua Mstaafu meno, akamtafutia minyoo, akapima figo. Hakuona kitu. Aliagiza aletwe kila wiki apimwe uzito, na akasema ukiendelea kushuka atatoa damu aipeleke maabara kubwa, maana kuna ugonjwa mmoja anaoushuku ila hataki kumtaja mtu jina kabla hajamwona. Maneno hayo shemeji yako aliyarudia kama ubeti. Na kwa kuwa kule kuna mizani, Ijumaa zangu zikaisha. Hakuniambia zimeisha. Alisema tu haina haja ya kumchosha paka kwa kumpima mara mbili.

Ukitaka kujua wivu wa mzee ukoje, ni kama kikohozi cha mzee: kikianza hakikuambii kitakaa mpaka lini. Siku moja kwenye chakula cha mchana nilihesabu maneno "Daktari kasema". Yalikuwa kumi na moja. Mimi nilitajwa mara moja, nimsogezee chumvi. Nilianza kutazama saa. Kutoka kwetu mpaka kwa huyo daktari ni dakika kumi kwa mguu, na mtu akipimiwa paka ni dakika tano. Yeye alikuwa akikaa saa mbili. Akirudi ana habari: daktari kamuuliza alifundisha darasa gani, daktari kamwazima kitabu, daktari naye hapendi chai ya moto sana. Mimi chai yangu naipenda ya moto sana, na yeye analijua hilo kwa miaka thelathini na mitatu, wala sijawahi kusikia akimsimulia mtu.

Mara nyingine alivaa lile gauni la bluu. Nikamuuliza kama paka naye kavaa tai. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kama sijambo.

Nilimfuata, Kaka. Usinicheke. Nilifunga karakana mchana kweupe, nikasimama ng'ambo ya barabara kwenye duka la vifaa vya ujenzi, najifanya nachagua kufuli. Dirisha la daktari liko wazi, pazia ni fupi. Mstaafu yuko mezani. Bwana Mpole ameushika mkono wa shemeji yako, vidole vyake juu ya vidole vyake, ameviingiza chini ya kwapa la paka, na kwenye mkono wa pili anatazama saa. Alikuwa anamfundisha kuhesabu mapigo ya moyo. Niliona hivyo, nikaelewa hivyo, na haikunisaidia kitu. Wote wawili wameinamisha vichwa, wamenyamaza, na mimi sijui ni lini mara ya mwisho sisi tulinyamaza vile. Nilinunua kufuli nisiyoihitaji, nikarudi.

Wiki ile ile mizani ya daktari ikaharibika. Si mimi, hiyo ilikuwa yenyewe. Ni mizani ya umeme ya kuweka mezani, ya wanyama wadogo, paka na vitoto vya mbwa na kuku, na waya wake ulikuwa umelika. Shemeji yako ndiye aliyemwambia daktari kuwa mume wake ni fundi, na kwamba mji mzima hakuna kama yeye. Kwa hiyo siku ya pili Bwana Mpole mwenyewe akaingia karakana ameibeba kifuani kama mtoto. Aliniamkia vizuri. Aliiona mizani ya Baba, akaomba ruhusa aiguse. Akasema Mwalimu, ndivyo anavyomwita shemeji yako, humzungumzia Hakimu na fundi wake mpaka yeye akatamani kuja kuwaona wote wawili. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilisema moyoni: mjanja huyu, anapaka mafuta mlango kabla ya kuusukuma.

Niliitengeneza mizani ile, nikampelekea kesho yake.

Ijumaa iliyofuata shemeji yako alirudi anang'aa. Mstaafu kaongezeka. Wiki iliyotangulia alikuwa tatu na mia tatu, sasa ni tatu na mia saba na ushei. Daktari kafurahi, kasema labda dawa za tumbo alizompa zimefanya kazi. Damu isubiri kwanza, mwili wa mzee usichomwe sindano bila sababu, arudi baada ya wiki tatu. Wiki tatu, Kaka. Nilimmiminia chai kwa mkono wangu. Jioni zile tulikaa barazani sisi wawili na sikuwa na adui duniani.

Wiki tatu zikapita, akaenda, akarudi na habari kuwa paka sasa ni kilo nne kamili. Lakini safari hii hakung'aa. Aliketi na kikapu magotini hajakifungua. Aliniambia kwamba mikono yake haikubali. Akimwinua, anaona kama anainua kikapu kitupu. Mifupa anaiona, mbavu anaziona, na mizani inasema nne. Aliniomba nimwinue mimi. Nilimwinua. Alikuwa mwepesi kama shati lililoanikwa, na moyo wake ulikuwa unakimbia ndani ya kifua kama cherehani. Nikamwambia naona yuko sawa.

Hapa lazima nikukumbushe habari ya mama mkwe. Unajua alivyokwenda, marehemu; alianza kwa kusahau funguo, akaishia kumwita binti yake "dada, wewe ni mgeni wa nani?" Shemeji yako alimuuguza miaka minne, na hofu yake kubwa duniani, kuliko kifo, ni kuwa na yeye atapita njia ile. Sasa nikaanza kuona vikaratasi jikoni. Kopo la chumvi limeandikwa chumvi. Kopo la sukari limeandikwa sukari. Kwenye mlango kikaratasi kinasema: jiko limezimwa? Aliniuliza leo ni siku gani, akaenda kuhakikisha kwenye kalenda. Na aliacha kumpakata Mstaafu. Paka analia miguuni pake, yeye anamtazama kwa mbali kama mtu asiyeamini macho yake. Mimi nilikuwa naviona vikaratasi vile, nachota sukari, nakunywa chai.

Wakati huo huo kile kijibwa cha mwoka mikate kilipewa dawa ya minyoo kwa daktari, kikayumba kutwa nzima, kinatokwa na mate, nusura kife. Mtaani watu wakaanza kusema mgeni kumbe hajui kazi. Nilisikia, na sitakuficha: nilisikia vizuri.

Sasa Kaka, nimefika. Mwanangu, hapa ndipo usiruke.

Ile mizani ya daktari, baada ya kuunga waya, ilibidi ifundishwe upya, kama unavyojua. Unaiwekea jiwe la kilo mbili, unaiambia hizi ni kilo mbili, basi. Ile ya umeme ni kama mtoto mchanga, unalomwambia ndilo analoshika. Mimi niliiwekea kilo moja na robo tatu, nikaiambia hizo ni kilo mbili. Nilitaka paka aongezeke ili shemeji yako asiwe na sababu ya kwenda kule kila Ijumaa. Hilo tu ndilo nililolitaka, na nilipokuwa nikifanya lilionekana dogo, kama kumficha mtu kiatu.

Ungeniambia ni hasira ya siku moja, ningekubali. Lakini nilirudi. Kabla zile wiki tatu hazijaisha nilipiga hesabu, nikajua paka atakuwa ameshuka tena na mizani itaonyesha kushuka. Nikaenda kwa daktari nikasema nimepita kuangalia kazi yangu. Alinishukuru, akaniachia chumba, akaenda kuniletea kiti. Nikaweka kilo moja na nusu, nikaiambia hizo ni mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mwenye wivu, Kaka. Mara ya pili nilikuwa fundi.

Bado sijamaliza. Siku mbili baada ya ile kilo nne, shemeji yako alikuja karakana bila kuniambia. Mimi nilikuwa nimetoka kununua risasi ya kuunganishia waya. Niliporudi nilimkuta amemweka Mstaafu kwenye sahani ya shaba, amempimia mawe mwenyewe jinsi alivyoniona nikifanya, na amefika kilo tatu, sindano iko katikati imetulia. Hakuwa na hasira. Aliniuliza polepole, kama anavyomuuliza mtoto wa darasa la kwanza, ni mizani gani inayosema uongo, hii au ya daktari.

Nilikuwa na mlango wazi mbele yangu, Kaka. Nikasema ya Baba. Nilisema ya Baba imekuwa kuukuu, mhimili umelika, haiaminiki tena. Mizani iliyotulea mimi na wewe. Hakimu. Niliinyooshea kidole nikaishuhudia uongo, na paka amekaa juu yake anatutazama.

Shemeji yako aliondoa mawe moja moja, akayarudisha kwenye sanduku lake, kila moja kwenye tundu lake. Akasema, "Basi ni mimi." Akasema nimtafutie daktari wa mambo ya akili kabla hajafika mahali pa kutojua kuwa anahitaji daktari, kwa sababu mama yake alichelewa. Na akaniomba nikimwona amezidi nisimfiche, maana mimi ndiye pekee anayemwamini kumwambia ukweli.

Nilimsindikiza mpaka nyumbani. Asubuhi, kabla hajaamka, nilichukua sanduku la mawe nikaenda kwa Bwana Mpole, nikamkuta anafungua madirisha. Nikaweka jiwe la kilo mbili mezani kwenye mizani yake. Ikaandika mbili na gramu mia sita na zaidi. Alitazama namba, akanitazama mimi, na nikamwambia yote, tangu kufuli.

Nilitegemea anipige au aite watu. Alivuta kiti, akakaa, kisha akauliza ni tarehe gani hasa nilipoigusa mara ya kwanza na ni tarehe gani ya pili. Akafungua kitabu chake cha wagonjwa. Tulipitia jina kwa jina, kila paka, kila kijibwa, kila sungura aliyepimwa pale, mimi nasahihisha uzito, yeye anasahihisha dawa alizozitoa kwa kufuata uzito ule, na pale palipohitajika alipiga simu kwa wenye wanyama na kuwaambia kuna kosa limetokea. Hakusema la nani. Tulipofika kwa kijibwa cha mwoka mikate alifunga macho. Aliniambia kwamba siku ile alikaa sakafuni na kile kijibwa mpaka kikasimama, na kwamba alikuwa ameamua kufunga chumba chake arudi alikotoka.

Tulipomaliza nilimuuliza lile lililonipeleka kote huko. Alinijibu kwamba zile saa mbili zilikuwa foleni. Shemeji yako alikuwa akikaa kwenye benchi kama watu wote. Halafu akaongeza, nami namheshimu kwa kuongeza, kwamba yeye ni mtu mpweke, na kwamba Mwalimu akiingia chumbani siku yake inakuwa nyepesi, na hilo hataki kunidanganya. Basi. Afadhali angekana. Au labda si afadhali. Bado sijui.

Niliporudi nyumbani nilimwambia shemeji yako. Alikuwa jikoni amesimama mbele ya vile vikaratasi. Nilidhani atapiga kelele, na ningeshukuru. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza habari za kutu. Kisha akauliza swali moja: "Niliposema basi ni mimi, ulinisikia?" Nikasema nilisikia. Akaanza kubandua vikaratasi, kimoja kimoja, akaviweka mkononi mwangu. Mchana wake akaenda kwa dada yake, na yuko huko hadi leo, wiki ya sita. Ndiyo maana simu ya nyumbani haipokewi na mtu unayemtaka.

Paka hakuweza kwenda naye, kwa dada yake kuna mbwa wawili. Damu yake ilipelekwa maabara siku ile ile. Ni tezi ya shingoni. Inafanya kazi kupita kiasi, inachoma kila anachokula, inauendesha moyo kama farasi anayepigwa. Ugonjwa una vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Daktari alinieleza bila kunipambia maneno: lau damu ingepimwa kwa wakati, moyo ungepona, sasa umeshatanuka, na mwezi ule haurudi. Anaweza kuishi mwaka, anaweza kuishi zaidi, anaweza asiamke kesho.

Kwa hiyo Ijumaa nafunga karakana nampeleka Mstaafu kwa Bwana Mpole. Na Jumatatu nafunga kwa sababu nazunguka na mawe ya Baba dukani hadi dukani, napima upya kila mizani niliyoigusa mwaka huu. Hizo sikuzichezea. Lakini nimeona siwezi kuliamini neno langu mwenyewe mpaka nilipime.

Shemeji yako naye haamini uzito unaotoka kinywani mwangu, na ana haki. Kwa hiyo kila Ijumaa daktari anampigia yeye, kwa simu yangu, mimi nimesimama pale nimemshika paka kiunoni. Anamsomea namba. Wiki iliyopita ilikuwa tatu na gramu mia mbili. Kisha wanazungumza. Naisikia sauti yake kule ndani ya simu, maneno siyasikii. Ijumaa moja walicheka. Nilidhani aibu ingeufukuza wivu, Kaka, kumbe vinaweza kukaa chumba kimoja na kila kimoja kikapata nafasi ya kunyoosha miguu. Nasimama. Namshika paka asiruke. Wakimaliza nasema asante, Daktari, na naisema vizuri.

Ijumaa hii ya juzi alimwambia daktari anipe simu. Ni mara ya kwanza. Aliniuliza kama Mstaafu bado anatema vidonge. Nikamwambia nikimlazimisha anatema. Ila nikimpakata nikasubiri mpaka apige mwayo, nakidondosha ndani, anameza bila habari. Akaniuliza huwa nasubiri kwa muda gani. Nikasema siku nyingine nusu saa, siku nyingine zaidi. Akasema haya, cha jioni nisikicheleweshe. Akakata.

Hayo ndiyo majibu yako. Sikuombi unitetee kwa shemeji yako. Ukimpigia, msalimie tu, na usimtaje mtu. Ninachokuomba ni kwamba hukumu utakayotoa uiandike au umwambie binti yako aiandike, usitume kwa fundi viatu. Kama utasema sistahili kushika mawe ya Baba, nitakuletea sanduku mwenyewe, mkononi.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na wale wajukuu uwapapase vichwa kwa niaba yangu. Goti lifungie kitambaa chenye joto asubuhi. Mwanangu uliyesoma, ahsante, pumzisha koo.

Naishia hapa, maana saa ya kidonge imefika na huyu bwana ameanza kunizunguka miguuni.

Ni mimi, mdogo wako.